Uzi: Breki za gari moja ya kazini na ya uwanjani. Nianzie pedi, diski au seti nzima?

Mtanga wa Deira (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu.

Naishi Dubai na ninaendesha Toyota 86 ya 2015, gia za mkono, injini haijaguswa. Matairi ni saizi ileile ya kiwandani, 215/45 R17, ila nimeweka yenye mshiko zaidi kuliko yale iliyokuja nayo. Siku za kazi inanipeleka ofisini na kunirudisha. Ikifika miezi ya baridi naipeleka Dubai Autodrome siku ambazo uwanja uko wazi kwa magari ya watu binafsi.

Shida yangu iko hivi. Mizunguko ya mwanzo breki ziko vizuri kabisa. Baadaye, nikifika mwisho wa mnyoofu mkuu, pedali inaanza kuwa laini na kushuka chini. Inabidi nipige mara mbili ndipo gari ishike. Nikipumzisha gari pedali inapanda tena, lakini haifiki pale ilipokuwa asubuhi. Pia diski za mbele (sahani za chuma zinazobanwa na pedi) zimekwisha, na nikishika breki kwenye 120 usukani unatetemeka.

Kwa hiyo kubadilisha nabadilisha tu. Nina njia tatu mezani:

1. Seti ya diski zenye matundu na pedi zilizoandikwa "za michezo", inauzwa mtandaoni kwa bei nzuri.
2. Kalipa (vifaa vinavyosukuma pedi zibane diski) za kampuni ya Brembo, zilizotumika, kutoka kwenye Subaru STI.
3. Kurudisha vya kiwandani vipya, mbele na nyuma.

Gari hii hii ndiyo inampeleka mtoto shule, kwa hiyo sitaki breki zinazofanya kazi uwanjani tu. Nipeni uzoefu.

---

Fundi Sharjah

Karibu mkuu. Umeeleza dalili vizuri, na wengi hawafanyi hivyo.

Kabla ya kununua chochote, elewa kwamba breki zikizidiwa na joto kuna magonjwa mawili, na kila moja lina dalili yake mguuni.

Pedali ikiwa ngumu na imara lakini gari haishiki, pedi ndizo zimezidiwa. Kule kwenye msuguano joto limepita kiwango chake, gundi iliyoshika pedi inatoa gesi, pedi inateleza juu ya diski.

Pedali ikiwa laini na inashuka, mafuta ya breki yamechemka ndani ya kalipa. Maji hayabanwi, mafuta hayabanwi, lakini mvuke unabanwa. Ukikanyaga unabana mapovu badala ya kusukuma pistoni. Ndiyo maana ukipiga mara mbili inashika, na ndiyo maana ikipoa inarudi lakini si yote.

Wewe una huo ugonjwa wa pili. Sasa tazama orodha yako: katika njia zote tatu hakuna hata moja inayotaja mafuta. Unaweza kufunga Brembo leo, ukajaza mafuta yaleyale ya dukani, na ukarudi hapa na uzi huuhuu. Labda pedali itachelewa kushuka mizunguko michache, basi.

Viwango vya mafuta viko hivi (DOT ni alama ya daraja la mafuta ya breki). DOT 3 mapya lazima yafike nyuzi 205 kabla ya kuchemka, DOT 4 nyuzi 230, DOT 5.1 nyuzi 260. Hayo ni mapya. Mafuta ya aina hii hunyonya unyevu wa hewani, na yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7 kiwango cha chini kinachokubalika kinashuka hadi nyuzi 140 kwa DOT 3, 155 kwa DOT 4 na 180 kwa DOT 5.1. Tunaishi pwani, hewa ina unyevu mwingi. Kama mafuta yako yana miaka miwili au zaidi, unakwenda uwanjani ukiwa na nusu ya kinga yako.

Weka mafuta ya mashindano ambayo mapya yanavuka nyuzi 300. Motul RBF 600 ni mfano, Castrol SRF ni mfano mwingine wa bei kubwa zaidi, ambao sifa yake ni kubaki juu hata ukishanyonya unyevu. Yote yanachanganyika na DOT 4, lakini toa ya zamani yote, gurudumu kwa gurudumu, hadi yatoke masafi. Usije ukaweka DOT 5. Hiyo ni ya silikoni, haichanganyiki na hizi nyingine, na namba yake inawachanganya watu kwa sababu iko kati ya 4 na 5.1.

Na mafuta ya mashindano hayakai. Kwa anayekwenda uwanjani, yatolewe kila mwanzo wa msimu, na upepo (hewa iliyonasa kwenye mabomba ya breki) utolewe tena baada ya siku yoyote ambayo pedali ililainika.

Hiyo ndiyo hatua ya kwanza. Pedi ni ya pili, diski ya tatu. Kalipa kubwa ni ya mwisho, na gari yako inaweza isifike huko kabisa.

---

Kijana wa Ruaka

Nakuheshimu fundi, lakini hapo kwa Brembo sikubaliani. Mimi niko Nairobi, nina Impreza, nilitoa Brembo za mbele Grogan, kwenye maduka ya spea, nikazifunga. Nimeteremka mteremko wa Mai Mahiu nikiwa na mzigo, pedali haijawahi kulegea tena. Pistoni nne na diski ya milimita 326 kwa 30 (kipenyo kwa unene) haiwezi kulinganishwa na ya kiwandani ya 294 kwa 24. Kama ataishia huko, si afadhali anunue mara moja?

---

Bint Seeb

Niingie hapo kwa hesabu, maana ndiyo kazi yangu huku Maskati.

Chukua gari ya jamaa na dereva ndani, kilo 1,300. Mjini akishika breki kutoka 60 hadi kusimama, nguvu ya mwendo inayogeuka joto ni kama kilojuli 180. Uwanjani akitoka 180 kuingia kona kwa 70, ni kama kilojuli 1,380. Breki za mbele hubeba takriban asilimia 70, kila diski nusu yake. Diski ya 294 ina uzito wa kama kilo 7 za chuma cha kusubu. Ukigawa, kule mjini mkanyago mmoja unapandisha joto la diski kama nyuzi 20. Uwanjani mkanyago mmoja unapandisha kama nyuzi 150, na hata ukipunguza kinachochukuliwa na upepo na injini bado unabaki juu ya 100. Na kabla haijapoa, kona nyingine imefika.

Kwa hiyo Kijana wa Ruaka ana haki katika jambo moja: diski nzito inapanda joto polepole, na diski pana inapitisha hewa zaidi katikati. Hiyo ndiyo faida halisi ya seti kubwa. Lakini wengi wanainunua wakidhani gari itasimama kwa umbali mfupi zaidi, na hapo wanakosea. Kama breki za sasa zinaweza kuamsha ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge), maana yake nguvu ya breki tayari imezidi mshiko wa tairi. Kuongeza pistoni hakuongezi mshiko wa tairi. Umbali wa kusimama mara moja unaamuliwa na tairi. Mara ya kumi na tano mfululizo unaamuliwa na joto.

Na wale wanaosema joto la Ghuba ndilo linaua breki: hewa ya nyuzi 42 badala ya 25 ni tofauti ya nyuzi 17, na diski iko kwenye 400 au 500. Inachangia kidogo. Kinachoua ni mizunguko mingi bila kupoza.

---

Fundi Sharjah

Ahsante sana dada, umenipunguzia kuandika.

Kijana wa Ruaka, Brembo za STI ni breki nzuri, sibishi. Na kwa kuwa 86 ilijengwa na Subaru, mbele zinaingia bila kuchonga chuma. Ila anayenunua zilizotumika ajue haya:

Rimu. Rimu nyingi za inchi 17, pamoja na za kiwandani za gari hii, hazipiti juu ya kalipa hiyo. Kata kigezo cha karatasi ngumu chenye umbo la kalipa, kijaribu ndani ya rimu kabla hujatoa pesa.

Breki ya mkono. Diski ya nyuma ya Subaru ina ngoma ndogo katikati kwa ajili ya breki ya mkono. Ukubwa wa ngoma hiyo haufanani kwenye magari yote, kwa hiyo pima kwanza. Ukitaka kubadilisha nyuma, huenda ukabadilisha hadi bamba na viatu vyake vya breki. Watu wanachoka, wanaishia kubadilisha mbele peke yake, na mizani ya breki inahamia mbele zaidi. Gari inasimama, lakini matairi ya nyuma hayafanyi sehemu yao ya kazi.

Umri. Kalipa iliyokaa miaka kumi na zaidi inahitaji raba mpya za pistoni na za vumbi. Nimefungua nyingi zilizopakwa rangi nyekundu mpya nje, ndani pistoni ina kutu. Ongeza gharama ya raba na kazi ya kuzifungua kwenye hesabu yako.

Mtanga, kwa injini ya kiwandani na matairi ya barabarani, mafuta na pedi sahihi vitakufikisha mbali. Jaribu hivyo kwanza. Ukiweka matairi ya mashindano, au ukiongeza nguvu ya injini, rudi tuzungumze habari za Brembo.

---

Mzee wa Gerezani

Mimi nauza spea Dar, niwaambie kuhusu hiyo njia namba moja. Diski zenye matundu zinauzika kwa sababu zinapendeza nyuma ya rimu. Wateja wanaziomba. Matundu yalikuwa na kazi zamani, pedi za enzi zile zilitoa gesi nyingi. Za sasa hazitoi hivyo. Kwa gari ya mtaani hazina ubaya, na kwenye mvua zinasaidia pedi kushika mapema. Lakini ukizipasha moto na kuzipoza siku nzima, nyufa zinaanzia kwenye tundu na kutembea hadi tundu jingine. Hasa hizi za bei rahisi ambazo ni diski ya kawaida iliyotobolewa kwa dirili.

Kwenye pedi, soma ubavuni. Nyingi zimechapwa herufi mbili pamoja, EE, FF au GG. Ya kwanza ni msuguano ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa moto. E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Ukiona FE jua ikipata moto inapungua. Tafuta pia alama ya R90. Ni kanuni ya Ulaya inayotaka pedi isitofautiane na ya kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15. Neno "michezo" kwenye boksi halipimwi na mtu yeyote.

---

Mtanga wa Deira

Mzee shikamoo, na ahsante. Hiyo seti ya mtandaoni nimeangalia picha tena, ubavuni mwa pedi hakuna herufi wala R90. Nimeitoa kwenye orodha.

Sasa fundi, nisaidie kwenye pedi. Kuna mtu uwanjani aliniambia niweke pedi za mashindano kabisa nizitumie kila siku.

---

Fundi Sharjah

Usifanye hivyo, na sababu ni huyo mtoto unayempeleka shule.

Pedi ya mashindano imetengenezwa kuanza kazi ikiwa na moto wa kutosha. Asubuhi diski iko baridi, mtu akikatiza mbele yako unakanyaga na gari inachelewa kushika. Pia inakula diski ikiwa baridi, inapiga kelele, na vumbi lake linashika kwenye rimu. Ukinunua pedi ya kawaida ya kiwandani nayo, mjini inafaa sana, uwanjani itaungua.

Katikati kuna kundi la pedi za matumizi yote mawili. Ferodo DS2500 iko humo, Hawk HP Plus iko humo ingawa inajulikana kwa kelele na vumbi, EBC Yellowstuff pia. Kwa uzito wa gari yako na tairi uliyonayo, kundi hili ndilo lako. DS2500 inashika vizuri ikiwa baridi, na hiyo ndiyo sababu ninaipendekeza kwa wenye familia. Itakuwa na kelele kidogo mjini, uizoee.

Nunua za mbele na za nyuma, aina moja. Ukiongeza msuguano mbele tu, mbele ndiko kunakobeba joto lote. Ukiongeza nyuma tu, siku utakayoshika breki ukiwa umekunja usukani nyuma itatangulia mbele. Tena ukiwa uwanjani na mfumo wa kuzuia gari kuteleza uko kazini, unatumia breki za nyuma kimyakimya bila wewe kukanyaga. Watu wanashangaa pedi za nyuma zimekwisha.

---

Bint Seeb

Fundi, mimi ningemshauri seti mbili. Ya kiwandani kwa mjini, ya mashindano kwa uwanjani, anabadilisha usiku wa kuamkia siku ya uwanja. Kwenye 86 kalipa ya mbele ni ya kuelea, unafungua bolti moja ya chini, unaiinua, pedi zinatoka. Si kazi ya gereji. Hivyo kila mahali anapata pedi inayofaa, badala ya moja inayofaa nusu huku na nusu kule.

---

Fundi Sharjah

Ni kweli, na kwa anayekwenda mara nyingi ndiyo njia bora. Tatizo ni utando. Pedi haifanyi kazi kwa kusugua chuma tupu, inaacha utando wake mwembamba juu ya diski na kushikana nao. Ukileta pedi ya aina nyingine juu ya utando wa ile ya kwanza, breki zinanguruma na kushika kwa mirukomiruko hadi utando ubadilike. Kwa hiyo kila ukibadilisha lazima uzizoeshe upya. Mwenye kazi na mtoto wa shule atafanya mara mbili, ya tatu atakwenda uwanjani na pedi za mjini. Ndiyo maana nampa moja ya katikati. Akizidi kasi yake, ahamie kwenye ushauri wako.

Na huo utando unanileta kwenye mtetemeko wake. Kila mtu husema "diski imepinda". Mara nyingi haijapinda. Mtu ametoka mizunguko ya nguvu, anasimama eneo la maegesho akiwa amekanyaga pedali, pedi inachapa alama yake kwenye diski ya moto. Kuanzia hapo kila mzunguko wa gurudumu unapita juu ya kivimbe hicho. Kikipata moto mkali tena na tena, chuma cha pale kinabadilika kuwa kigumu kuliko kinachokizunguka, na hapo hata ukichonga diski kivimbe kinarudi.

Diski nunua za kawaida, zenye uwazi wa hewa katikati, uso mzima, za kampuni inayojulikana, au zenye mifereji kama bei inaruhusu. Mifereji inafuta uchafu na gesi bila kudhoofisha diski kama matundu. Unene wa mwisho unaoruhusiwa umechapwa kwenye diski yenyewe, pima kila baada ya uwanjani. Nyufa ndogo za juu juu kama mistari ya nywele ni kawaida. Ufa unaonasa kucha, au uliofika ukingoni, diski hiyo imekwisha siku hiyohiyo.

---

Dereva wa Iringa

Samahani wadau, mimi sina uwanja, nina Toyota Noah ya otomatiki na njia yangu ni Dar kwenda Iringa. Nikiteremka mlima Kitonga nasikia harufu ya breki hadi abiria wanaziba pua. Nami ninunue hizo DS2500?

---

Mzee wa Gerezani

Hapana kijana wangu. Pesa hiyo weka mafuta ya breki mapya ya DOT 4, toa upepo vizuri, weka pedi za kiwandani au zenye R90, na viatu vya nyuma vikaguliwe. Kisha ukianza mteremko toa gia kwenye D, weka 2 au L, acha injini ikushikilie. Breki shika kwa nguvu kidogo kisha achia zipoe, usiburute mguu kutoka juu hadi chini. Kuburuta ndiko kunakochemsha mafuta. Na ikitokea pedali ikalainika katikati ya mlima, pigapiga upandishe shinikizo, shusha gia, na usimame mahali salama kabla hujaendelea. Usizimwagie breki maji.

---

Mtanga wa Deira

Wakuu, mrejesho. Nimenunua diski za kawaida mbele na nyuma, DS2500 pande zote, na mafuta ya RBF 600. Vyote kwa wakala, nimepewa risiti. Seti ya mtandaoni na Brembo nimeachana nazo. Kazi itafanyika wiki hii kwenye gereji ya jirani. Kuna kitu cha kumwambia fundi wa pale? Na kuzizoesha nifanyeje?

---

Fundi Sharjah

Umechagua vizuri. Mwambie haya.

Asafishe kitovu cha gurudumu kwa brashi ya waya hadi kutu yote iishe kabla ya kupachika diski. Punje ya kutu hapo inaifanya diski iyumbe, na mtetemeko utarudi kabla ya mwezi kwisha. Pini zinazotelezesha kalipa zitolewe, zisafishwe, zipakwe grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida inavimbisha raba, pini zinakwama, pedi ya ndani inaisha upande mmoja. Vumbi la zamani asilipulize kwa kompresa, atumie dawa ya kusafishia breki na kitambaa. Hakuna ajuaye pedi za zamani zilichanganywa na nini, na asbesto bado iko sokoni katika nchi nyingi.

Kuzizoesha: siku mbili tatu za mwanzo endesha kistaarabu. Kisha tafuta barabara tupu, au tumia mizunguko ya mwanzo uwanjani. Toka 100, shika breki kwa nguvu bila kuamsha ABS hadi 20, achia, panda tena. Rudia mara nane hadi kumi mfululizo bila kusimama kabisa. Utasikia harufu, ni sawa. Baada ya hapo endesha kama robo saa bila kugusa breki ila ikibidi, zipoe zenyewe. Ukitazama diski uwe unaona rangi ya kijivu ya samawati iliyoenea sawasawa.

Uwanjani, mzunguko wa mwisho wa kila awamu ni wa kupoza, gia ya juu, breki kidogo. Ukiegesha usivute breki ya mkono, weka gia na kabari chini ya tairi.

Jambo la mwisho, la bei ndogo sana. Nunua rangi za kupimia joto, zinapakwa ukingoni mwa diski. Ya kijani inabadilika ikifika nyuzi 430, ya machungwa 560, nyekundu 610. Ukirudi tazama zipi zimegeuka. Ikiwa hata kijani haijageuka, pedi yako iko salama. Machungwa ikigeuka, umevuka eneo la DS2500, na hapo fungua njia ya hewa kutoka kwenye bampa hadi katikati ya diski kabla ya kufikiria pedi kali zaidi. Leta picha za hizo rangi hapa tuzisome pamoja.